Kukadiria obiti ya mwenzi hafifu wa nyota kwa picha chache

Ukitafuta obiti, yaani njia ya mwenzi hafifu (sayari au kinyota) anayeizunguka nyota, usianze kwa kuchora duaradufu inayopita kwenye nukta zako. Aliyeokota kigae kidogo cha mdomo wa chungu anaweza kukadiria upana wa chungu chenyewe, lakini vyungu vingi vya ukubwa tofauti vitakubaliana na kigae hicho. Picha nne za miaka mitatu ziko hivyo hivyo.

Kwanza, panga vipimo: tarehe, umbali wa mwenzi kutoka kwenye nyota kwa sekunde za tao (moja ni sehemu ya 3600 ya digrii), pembe yake kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na kiasi cha kosa katika kila namba. Kagua kaskazini ya kila kamera. Niliwahi kuchanganya picha za kamera mbili zilizopishana kwa digrii moja, nikashangilia mwendo usiokuwapo. Mwenzi aliye vizio astronomia 50 (kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua) kutoka kwenye nyota yenye tungamo mara 1.75 ya Jua huzunguka kwa miaka 267 hivi, kwa hiyo digrii moja ni safari yake ya takriban miezi tisa.

Pili, hakikisha kwamba mwenzi anahama angani pamoja na nyota yake. Nyota ya mbali iliyo nyuma haihami nayo, hubaki nyuma.

Tatu, pata kipimo cha kuanzia. Beta Pictoris, ambayo Februari hapa Dodoma, mvua ikituachia mwanya, tunaiona kwa macho matupu upande wa kusini karibu na Suheli, iko umbali wa parseki 20 hivi (parseki ni miaka 3.26 ya nuru); sekunde za tao zikizidishwa kwa parseki hutoa vizio astronomia, hivyo nusu sekunde ya tao ni vizio 10. Kwa kanuni ya Kepler ya mizunguko, 10 kipeo cha tatu ni 1000, gawanya kwa tungamo la nyota, 1.75, ni 571, na kipeuo chake cha pili ni miaka 24, muda wa mzunguko mmoja.

Nne, iachie kompyuta ibuni obiti kwa nasibu, ikikuza na kuzungusha kila moja hadi ipite kwenye kipimo kimoja, kisha ibakize zile zinazolingana na vipimo vingine. Programu ya bure ya orbitize! hufanya kazi hiyo, na kompyuta ya mkononi inatosha.

Tano, soma matokeo kwa tahadhari, kwa sababu obiti ya duara iliyoinama na obiti ndefu inayotazamwa kutoka juu huweza kutoa kipande kile kile, na picha pekee hazionyeshi ni upande upi ulio karibu nasi. Vipimo vya mahali pa nyota vya satelaiti za Hipparcos na Gaia, vilivyotenganishwa na takriban miaka 25, hupunguza utata wa tungamo na mwinamo, ilhali upande hujulikana kwa kupima kasi ya mwenzi kutujia au kutukimbia.

Katika ripoti andika masafa, si namba moja. Mimi huchora obiti 100 kwa pamoja na kutafuta tarehe ambazo mistari inaachana zaidi, kwani hizo ndizo siku za kuombea muda wa darubini.