Kupanga upya diski inayozunguka kwenye Windows

Faili zikikatika vipande vilivyotawanyika kwenye diski, kuzipanga upya (defrag) hukusanya vipande hivyo pamoja. Jua kwanza una diski ya aina gani. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, ingia Performance, usome kilichoandikwa chini ya Disk. Ukikuta SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), ishia hapo. SSD haina kichwa cha kusomea kinachohamahama, kwa hiyo kupanga vipande vyake kunaichakaza bure; Windows huitunza yenyewe kwa TRIM, amri inayoiambia SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena.

Ukikuta HDD, endelea. Hiyo ni sahani inayozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa hufuata kila kipande cha faili kilipo. Mruko mmoja wa kichwa hula kama milisekunde 10. Faili iliyokatika vipande 300 itakupotezea sekunde 3 nzima kabla haijafunguka.

Nakili kazi zako muhimu mahali pengine kabla ya yote. Halafu fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa ruhusa ya administrator, uandike amri hii ya kukagua makosa ya diski:

chkdsk C: /scan

Ikitaja makosa, yasahihishe kwanza kwa chkdsk C: /f, kisha uwashe kompyuta upya. Diski inayogonga tik-tik au yenye sekta mbovu (sehemu zilizoharibika) usiipange kabisa! Kazi hii husoma na kuandika mfululizo kwa saa nyingi, na diski mgonjwa inaweza kufia humo pamoja na picha zako.

Acha nafasi tupu angalau 15%. Vipande huhitaji pa kuwekwa vikiwa njiani. Diski ikijaa pomoni, faili kubwa zitabaki zilivyokuwa hata ukisubiri usiku kucha. Mwaga Recycle Bin, hamisha video.

Sasa pima faili zimekatika kiasi gani:

defrag C: /A /V

Angalia asilimia ya Total fragmented space. Ikiwa chini ya 10, huna haja. Ikizidi, chomeka chaja, zima Sleep, kisha:

defrag C: /O /U

Herufi U ndiyo inayokuonyesha kazi imefika wapi. Diski ya TB 1 ambayo haijawahi kupangwa inaweza kuchukua saa kadhaa, hivyo ianzishe jioni, na usiendelee kunakili mafaili juu yake.

Baadaye hakikisha ratiba ya kila wiki imewashwa: tafuta Defragment and Optimize Drives, halafu Change settings.

Kama Task Manager bado inaonyesha Disk 100% mashine ikiwa haifanyi kitu, vipande sivyo vinavyoichelewesha. Kagua RAM na programu zinazojiwasha zenyewe kwenye Startup.