Tyuna ya bei poa ya osileta za moduli

Osileta ni kile kipande kinachotoa sauti kwenye sinthi ya moduli, sinthi ya kuunganisha vipande vipande. Kabla hujatoa hela ya tyuna jaribu simu kwanza, apu za tyuna za bure zipo kibao, weka simu karibu na spika utaona noti, shida ni kelele za chumbani tu. Ukitaka kununua, zile za kubana kwenye kichwa cha gitaa achana nazo kabisa, zinasikia mtetemo wa mbao na osileta haina mbao ya kutetema. Tafuta pedali ya tyuna ya gitaa, hata ya mtumba, ilimradi ina tundu la jeki na inaonyesha senti (sio hela, ni vipande vidogo vya noti), halafu nunua waya wa 3.5mm kwenda 6.35mm.

Sasa angalia hapa, Eurorack (aina ya sinthi ya moduli) inatoa kama volti 10 kilele hadi kilele, gitaa haifiki huko hata kidogo, so pitisha kwenye atenyueta (kipunguza volti) uishushe. Tumia wimbi la pembetatu, saw (wimbi la msumeno) ina hamoniki nyingi, yaani sauti za juu zinazoambatana na noti, na sindano ya tyuna inaweza kuchezacheza. Osileta ya analogi iache ipate moto dakika 20 hivi, weka 110 Hz (noti A), ongeza volti 1 kwenye tundu lake la noti, kwa kuwa volti 1 ni oktavi moja lazima isome 220 (A inayofuata juu), ikisoma 223 sio tyuna mbovu, ni trima ya osileta (skrubu ndogo ya kurekebisha) ndo inataka bisibisi.