Mtoto anayeshindwa kuandika: mtafute alipokwama kwanza

Mzazi akija shuleni na daftari la mwanawe mkononi, mara nyingi neno la kwanza ni, "Mwalimu, huyu mvivu." Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi huku Kanda ya Ziwa, na wavivu wa kweli niliokutana nao hawajazi vidole vya mkono mmoja. Wengine wote wamekwama mahali. Kumwongezea kurasa za kunakili ni kumkimbiza mwenye mwiba mguuni.

Hatua ya 1: Mpime

Dakika kumi zinatosha, akiwa ameshiba. Kwanza akusimulie kwa mdomo alichokula mchana. Pili, mwandikie "mama analima", anakili chini yake. Tatu, funika daftari, umtajie maneno mafupi ayaandike: baba, meza, kuku.

Akisimulia vizuri lakini kunakili kukamshinda, shida iko mkononi au machoni. Akinakili vizuri halafu imla ikamshinda, mkono hauna kosa, ila hajaunganisha sauti na herufi. Nilikuwa na mtoto niliyemsifia mwandiko muhula mzima. Siku moja nikafuta ubao mapema, nikamkuta ameshika penseli anautazama ubao mtupu. Kumbe alikuwa anachora herufi kama wenzake wanavyochora nyumba, hajui hata moja inavyotamkwa.

Hatua ya 2: Mkono

Penseli iliyobaki fupi kama kidole chake ni bora kuliko mpya, kwa sababu hapatoshi kuishika kwa ngumi. Gumba na kidole cha shahada vibane, cha kati kiegemeze kwa chini. Nguvu ya vidole itafuteni kwenye kazi za nyumbani: kupukuchua mahindi, kuchambua mchele, kubana nguo kambani kwa vibanio. Miguu ikining'inia, weka tofali chini.

Mshoto aachwe na mkono wake. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimlazimisha mmoja atumie wa kulia, na mpaka leo najuta. Akae ukingo wa kushoto wa dawati asigongane viwiko na jirani, na daftari liinamie kulia kidogo.

Hatua ya 3: Herufi kwa ukoo

Usifuate a, b, ch. Anza na c, maana ndani yake zinatoka a, d, g na o. Aandike kwa kidole mchangani, herufi kubwa kama sahani, huku akitamka sauti yake. Anayechanganya b na d mwonyeshe zinapoanzia: b huanza na mti, yaani mstari uliosimama, d huanza na c. Ukoo mmoja wiki nzima, msikimbilie mwingine.

Hatua ya 4: Kutoka sauti kwenda neno

Hapa ndipo wengi wa kwangu huangukia. Anaandika "buzi" kwa mbuzi, "dizi" kwa ndizi. Mwambie abane pua aseme "mbuzi". Sauti itamkwamia, atacheka, na kuanzia hapo ile m ameijua iko wapi. Halafu apige makofi, mbu-zi, kisha aandike kofi moja moja. Wanaochanganya r na l kwa sababu ya lugha ya nyumbani, tengeneza sikio kabla ya daftari: mwulize ukimpa karamu ataiandikia au ataila.

Hatua ya 5: Sentensi yake

Kila jioni sentensi moja tu, iliyotoka kinywani mwake. Aiseme, panga kokoto moja mezani kwa kila neno, aandike akizifuata. Kokoto humkumbusha kuacha nafasi, jambo ambalo maneno yangu matupu hayajawahi kuliweza. Sahihisha kosa moja, mengine yapite. Raba ifiche, la sivyo jioni yote itaishia kufuta.

Herufi kugeuka kinyume darasa la kwanza ni kawaida. Zikiendelea kugeuka mwisho wa darasa la pili, na kusoma nako kunamtesa, omba kuonana na mwalimu wa elimu maalumu. Anayekunja uso akitazama ubao, au anayeinamisha pua karibu na daftari, apelekwe hospitali apimwe macho. Wakati mnasubiri tarehe ya hospitali, mwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele wiki moja, kisha ulinganishe daftari la wiki hiyo na la wiki iliyopita.