Kubadilisha kikaza-cheni ya taimingi ya pikipiki nyumbani, Goma

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mjini Goma zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa. Ikiwa kamshafti ya injini hiyo, yaani mhimili unaofungua valvu, imekaa juu, ndani ya kichwa cha silinda, huzungushwa na cheni ndogo inayotoka kwenye krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na nyuma ya silinda huwekwa kikaza-cheni ambacho fimbo yake husukuma upande uliolegea wa cheni ili usicheze. Springi yake ikichoka, au meno yanayoizuia fimbo isirudi ndani yakilika, cheni huanza kupigapiga, na ikiachwa hivyo muda mrefu inaweza kuruka jino la gia. Hapo valvu zinaweza kugongana na pistoni.

Kabla ya kwenda mtaa wa Birere kununua kipuri, hakikisha kwamba injini yako inacho. Injini zilizofuata muundo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, hazina cheni ya namna hii kabisa, kwa sababu valvu zake husukumwa na fito. Tazama nyuma ya silinda, chini ya kabureta: kikaza-cheni kwa kawaida huonekana hapo kama kipande kidogo cha alumini kilichofungwa kwa bolti mbili, na katikati yake kuna bolti ya tatu au kifuniko kidogo.

Mlio nao unahitaji kusikilizwa kwa makini, maana mafundi wengine hukimbilia kulaumu kikaza-cheni kwa kila kelele ya injini. Valvu zilizolegea hutoa mlio mwepesi wa kugongagonga wenye mpangilio sawasawa, na hurekebishwa bila kununua chochote. Cheni iliyolegea hukwaruza ovyo, hasa injini ikiwa baridi, ikiwa inanguruma polepole, au pale mwendeshaji anapopunguza mafuta ghafla. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kikaza-cheni na mpini wake karibu na sikio; ikiwa kelele inasikika zaidi hapo kuliko kwenye kifuniko cha valvu, una sababu ya kuendelea.

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa, na usiifanye uani penye changarawe ya lava, kwa kuwa bolti ndogo ikianguka kati ya mawe hayo meusi hutaiona tena. Osha kwanza sehemu yote ya nyuma ya silinda kwa brashi na mafuta ya taa, kisha ikaushe, kwa sababu vumbi la mji huu ni mawe ya volkano yaliyosagika, na likiingia kwenye oili hula vyuma. Kabureta ikikuzuia kufika, iondoe na uzibe tundu linaloachwa wazi kwenye injini kwa kitambaa safi.

Sasa weka pistoni mahali pake. Ondoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, fungua vifuniko vya upande wa sumaku na vya valvu, kisha zungusha krenkishafti kwa spana kuelekea upande ambao injini huzunguka ikiwa imewashwa, hadi alama ya T ilingane na alama iliyo kwenye kifuniko. Shika kwa vidole roka, yaani vikono vinavyosukuma valvu: zote mbili zikiwa na mwanya mdogo, pistoni iko juu mwisho wa mkandamizo; zikiwa zimebanwa, zungusha mzunguko mmoja kamili tena. Kuanzia hapa hadi kikaza-cheni kipya kitakapofungwa, usizungushe injini wala usiguse kiki, hata kidogo. Sharti hilo ndilo linalotofautisha kazi ya muda mfupi na gharama ya kununua valvu.

Kwa aina yenye meno, fungua kwanza bolti ya katikati na utoe springi, ndipo ufungue bolti mbili za pembeni. Ukifuata mpangilio huo, fimbo hubaki pale ilipokuwa imefika, nawe unaweza kuisoma: ikiwa imetokeza karibu hadi jino la mwisho, cheni yenyewe imerefuka, na kikaza-cheni kipya kitakupa nafuu ya muda tu. Aina nyingine haina springi ya kutoa kwa nyuma. Ndani ya tundu lake mna skrubu inayozungushwa kwa bisibisi nyembamba ili kuirudisha fimbo.

Linganisha kipya na cha zamani kwa urefu wa fimbo na nafasi ya matundu. Kuivuta springi ya zamani ili irefuke, au kuiwekea washa nyuma, ni ujanja ninaoukataa, kwani chuma kilichochoka hakirudishiwi nguvu kwa kuvutwa. Kwangua gasketi iliyoganda kwa kijiti cha mti, si kwa kisu, na usipake silikoni nyingi, maana vipande vyake huweza kuziba njia za oili.

Rudisha fimbo ndani kabisa kabla ya kufunga. Ukifunga fimbo ikiwa nje, bolti zitaisukuma kwa nguvu dhidi ya cheni na kuweza kuvunja reli ya plastiki inayoiongoza. Kaza bolti mbili za pembeni. Zikiwa za milimita 6, newtoni-mita 10 zinatosha, kwa sababu nyuzi za alumini hung'oka upesi. Mwisho tia springi na bolti ya katikati, nawe utasikia meno yakidata fimbo inapotoka kuifuata cheni.

Zungusha krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili na uhakikishe kwamba alama ya T na ile ya gia ya kamshafti zimerudi mahali pake. Ukikutana na kizuizi kigumu, simama na ukague upya badala ya kulazimisha. Kisha rudisha plagi, kabureta na vifuniko, pima oili na uwashe. Kelele ikiendelea, mwaga oili na ukague chujio lake: vipande vya plastiki au mpira vikiwemo, reli zimeliwa, na kazi inayobaki ni ya kufungua kichwa cha silinda ili zibadilishwe pamoja na cheni.