SOMO: Kutambua bunduki kwenye picha za askari wa Vita Kuu ya Kwanza, Afrika Mashariki

Kila mara mtu anatuma picha ya zamani ya ukoo, mzee kasimama na bunduki, anauliza: "Hii ni Kar98k?" Siyo. Kar98k, Mauser fupi ya Mjerumani, iliingia jeshini Ujerumani mwaka 1935, na vita tunayoizungumzia iliisha 1918. Naandika leo, kesho nitakuwa natuma kiungo tu.

Hatua ya 1. Tafuta mwaka. Geuza picha, soma nyuma.

Hatua ya 2. Mkono wa kukokia wa Mauser na Lee-Enfield uko kulia. Ukiuona kushoto, picha ilisafishwa kinyume. Igeuze kwanza.

Hatua ya 3. Angalia mdomo wa bunduki. Mbao zikifika hadi mwisho na pua ikawa butu, hiyo ni Lee-Enfield fupi ya Waingereza, SMLE. Mtutu ukichomoza wazi mbele ya mbao, anza kufikiria Mauser.

Hatua ya 4. Angalia mbele ya triga. Kisanduku kimening'inia? Magazini ya SMLE, risasi 10. Tumbo bapa? Ama ni Gewehr 98, Mauser ndefu ambayo risasi zake 5 zimefichwa ndani ya mbao, ama ni Mauser ya 1871 isiyo na magazini kabisa: risasi moja moja, milimita 11, baruti nyeusi. Tazama kilengeo cha nyuma. Cha Gewehr 98 ni kikubwa, kimepinda kama nundu.

Hatua ya 5. Usimhukumu askari kwa bunduki yake. Hapa ndipo tunapochemka wengi, na mimi nimo. Vita ilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Mjerumani zilikuwa na hiyo ya 1871, ikifyatuliwa tu moshi unamchongea mpigaji. Baada ya hapo wakaishi kwa kuteka. Tanga, Novemba 1914, walivuna bunduki 455 za Waingereza. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka Ruvuma, akawapiga Wareno Ngomano, askari wake wakabeba silaha za Kireno. Aliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Kwa hiyo SMLE kwenye picha ya 1918 haimfanyi mtu kuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza). Tazama kofia: yenye kitambaa cha kufunika shingo na nembo ya tai ni ya Mjerumani. Na tahadhari ya pili: watu walipenda kupiga picha na silaha za kuteka. Bunduki moja mkononi mwa mtu mmoja haithibitishi kikosi kizima.

MASWALI

Mzee wa Gemu: Mkuu, mbona kwenye gemu ya PUBG imeandikwa Kar98k na inafanana kabisa?

Jibu: Soma aya ya kwanza.

Mzee wa Gemu: Punguza hasira basi.

Jibu: Sina hasira. Gewehr 98 ina urefu wa mita 1.25, Kar98k mita 1.11. Ikisimamishwa chini, ya kwanza inamfika mtu wa kimo cha kawaida kifuani. Haya, pima.

Chuma cha Pua: Hii yangu ya 1916 ni AK?

Jibu: AK ni ya 1947. Hatua ya 1.

Mwana Tanga: Wazee wa kwetu wanasimulia meli ya silaha pale Manza. Ni kweli au hadithi?

Jibu: Kweli tupu, na asante kwa kuuliza. Ni Rubens, ilijifanya meli ya Denmark, ikafika Aprili 1915. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaipiga mizinga, nahodha akaizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi. Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Wapiga mbizi wakaopoa bunduki zipatazo 1,800 na risasi kibao zilizolowa. Zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Ndiyo maana kwenye picha za baada ya hapo Gewehr 98 zinaongezeka. Kama kuna mzee anayesimulia bado, mrekodi.

Mbeba Zege: Ya babu ipo darini, inauzwa bei gani?

Jibu: Sinunui wala sitaji bei. Silaha bila kibali ni kesi. Wajulishe polisi waje waichukue, usiibebe wewe.

Dada wa Leeds: Nataka kununua easofti (bunduki ya mchezo) ya Lee-Enfield nijifunzie umbo. Inafaa?

Jibu: Kwa umbo la nje, ndiyo, nyingine zimeigwa vizuri. Ndani hazina uhusiano: springi au gesi inarusha vidonge vya plastiki vya milimita 6. Ila sheria ya Uingereza ya 2006 inabana uuzaji wa nakala zinazofanana na za kweli. Kama si mchezaji anayetambulika utauziwa iliyopakwa rangi kali. Halafu dada, uko Leeds! Royal Armouries, jumba la makumbusho ya silaha, iko hapo hapo na kuingia ni bure. Kaangalie chuma chenyewe.

Mjukuu wa Tabora: Picha yetu imefifia, bibi huifuta kwa kitambaa kibichi. Naipigaje?

Jibu: Kwanza muombe bibi, kwa heshima zote, aache maji. Iweke karibu na dirisha lakini nje ya jua, zima flashi, simu iwe juu yake moja kwa moja. Piga nzima, kisha kofia peke yake, pua ya bunduki peke yake, na nyuma.

Mjukuu wa Tabora: Nyuma kuna penseli: "Tabora 1917".

Jibu: Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Basi tuanze na Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Tuma ile ya kofia.