Kusanidi kerneli ya Linux kwa prosesa ya arm64: Raspberry Pi 4, hatua kwa hatua

Ukifungua menyu ya kusanidi kerneli (kiini cha mfumo endeshi, kinachoongoza vifaa vyote) kwa mara ya kwanza, unakutana na maelfu ya swichi na unaweza kudhani kila moja inakungoja uiamulie. Sivyo. Kazi hasa ni kuijua chipu uliyonayo, kubadili swichi chache zinazoihusu, kisha kuhakikisha kwamba mabadiliko yako yamebaki. Hilo la mwisho ndilo linalowapiga watu chenga, nami limenipiga mara kadhaa, kwa hiyo nitalirudia njiani.

Bodi yetu ni Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, ikiwa na chipu ya BCM2711 yenye kori nne za Cortex-A72. Kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, tutafanyia kwenye laptopu ya kawaida ya x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD, tofauti na arm64 ya Pi) yenye Debian au Ubuntu. Pi yenyewe inaweza, ila utachoka kuingoja.

Hatua ya 1: Iulize prosesa ina nini

Kabla ya kugusa chochote, washa Pi na uandike:

    cat /proc/cpuinfo

Tafuta mistari miwili. `CPU part : 0xd08` ndiyo namba ya Cortex-A72. Halafu kuna `Features`, na kwenye Pi 4 utaona hivi:

    Features : fp asimd evtstrm crc32 cpuid

Orodha fupi, sivyo? Kisichokuwepo ndicho chenye habari. Hakuna `aes`, hakuna `sha1` wala `sha2`: BCM2711 haikuwekewa sehemu ya ARMv8 inayoharakisha usimbaji. Hakuna `atomics` pia, kwa sababu A72 ni ARMv8.0 na maagizo hayo yalikuja na ARMv8.1. Pi 5, yenye Cortex-A76, inayo yote hayo. Nakili mstari huu mahali, maana karibu kila uamuzi wa hatua ya 4 unatoka hapa.

Ukiwa bado kwenye Pi, chomeka kila kifaa unachokitumia (kamera, modemu ya USB, kibodi), kisha:

    lsmod > moduli.txt

Faili hilo lina orodha ya moduli, yaani draiva zilizopakiwa sasa hivi. Lihamishie kwenye laptopu. Tutalihitaji.

Hatua ya 2: Vifaa na msimbo

    sudo apt install git bc bison flex libssl-dev make libc6-dev libncurses-dev crossbuild-essential-arm64

Kifurushi cha mwisho ndicho kinacholeta kompaila inayokaa kwenye x86 lakini inatoa msimbo wa arm64. Kisha chukua kerneli:

    git clone --depth=1 --branch rpi-6.12.y https://github.com/raspberrypi/linux
    cd linux

Usiiache `--depth=1`. Bila hiyo utashusha historia yote ya mradi, na bando lako litakatika katikati. Jambo jingine: usiweke folda hii kwenye diski ya Windows. Msimbo wa kerneli una mafaili yanayotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu, na diski isiyotofautisha herufi itayafuta kimyakimya moja baada ya jingine.

Hatua ya 3: Mwanzo mzuri, na jina la usanifu

Usianze na karatasi tupu. Kila usanifu (aina ya prosesa) una mipangilio ya kuanzia ndani ya `arch/`, na ya Pi 4 imeshaandikwa. Amri ya pili hapa inaiweka kwenye `.config`, faili linaloshika swichi zako zote:

    alias mk='make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-'
    mk bcm2711_defconfig
    cp .config mwanzo.config

Hiyo alias siyo uvivu. Zamani nilikuwa naandika `export ARCH=arm64` mwanzoni mwa siku na kusahau. Siku moja umeme ukakatika, laptopu ikazima, nikafungua teminali mpya na kupiga `make menuconfig` moja kwa moja. Menyu ikafunguka vizuri, nikabadili vitu viwili, nikahifadhi. Ambacho sikukiona ni kwamba bila `ARCH`, make hufuata usanifu wa mashine uliyokalia. Ilikuwa imesoma faili langu la arm64 kwa macho ya x86, ikatupa kila kitu isichokifahamu, ikajaza cha kwake. Kazi ya jioni nzima ikayeyuka bila hata onyo moja.

Tangu hapo nina mazoea ya kuangalia kichwa cha faili kila ninaporudi kwenye kazi:

    head -n 3 .config

Mstari wa tatu uwe na `Linux/arm64`. Ukiona `Linux/x86`, rudisha nakala yako na uvute pumzi.

Hatua ya 4: Swichi zinazohusu prosesa

Fungua menyu:

    mk menuconfig

Kitufe cha `/` hutafuta jina lolote na kukuonyesha lilipo na linategemea nini. Swichi nyingi zina hali tatu: `y` inaingia ndani ya kerneli yenyewe, `m` inakuwa moduli inayopakiwa ikihitajika, `n` haimo. Kanuni yangu ni rahisi. Kinachohitajika ili kufika kwenye kadi ya kumbukumbu na kusoma ext4 (mfumo wa mafaili ulio kwenye kadi) kiwe `y`. Mengine yote, `m` inatosha.

Nenda Kernel Features. Hapa ndipo penye mambo ya usanifu wenyewe.

Ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu. Arm64 inakubali kurasa za kilobaiti 4, 16 au 64. Kurasa kubwa humpunguzia prosesa kazi ya kutafsiri anwani, lakini hula RAM zaidi, kwa sababu hata faili dogo kabisa linachukua ukurasa mzima. Kerneli ya kawaida ya Pi 5 hutumia 16, lakini A72 ya Pi 4 haina ukubwa huo: kwake ni 4 au 64 tu. Kwa Pi 4 mimi nabaki na 4, na sababu ni swichi inayofuata.

`COMPAT`. Hii ndiyo inayoruhusu programu za biti 32 kuendeshwa juu ya kerneli ya biti 64. Kwenye Kconfig, yaani lugha inayoeleza swichi hizi zote, `COMPAT` inataka kurasa za kilobaiti 4, au `EXPERT` iwe imewashwa. Maana yake: ukichagua 64 huku `EXPERT` imezimwa, `COMPAT` inatoweka. Haikuulizi wala haikuambii. Na kama kadi yako ina Raspberry Pi OS ya biti 32, ambayo kwenye Pi 4 inaweza kabisa kuwa juu ya kerneli ya biti 64, kitakachofuata ni kushindwa kwa `/sbin/init` kwa `error -8`, kisha:

    Kernel panic - not syncing: No working init found.

Ukiona namba 8 hapo usianze kulaumu kadi. Kerneli inakuambia kwamba haifahamu muundo wa programu iliyopewa.

Upana wa anwani. Kwa kurasa za kilobaiti 4 unaweza kuchagua biti 39 au 48, na matoleo ya karibuni yana 52 pia. Biti 39 ni gigabaiti 512 za anwani kwa kila programu, na jedwali la kurasa linakuwa na ngazi tatu badala ya nne. Pi 4 yenye RAM nyingi kuliko zote ina gigabaiti 8. Chagua 39.

`NR_CPUS`. Kori ni nne, andika 4.

Vipengele vya matoleo ya baadaye ya ARM. Hapa ndipo ule mstari wa `Features` unapolipa. A72 haina SVE (maagizo ya vekta), haina alama za kumbukumbu za MTE, haina uthibitisho wa vielekezi, haina BTI (ulinzi wa miruko ya programu). Unaweza kuzima vyote bila kupoteza kitu. Nafanya hivi nje ya menyu, kwa skripti iliyo ndani ya msimbo wenyewe:

    ./scripts/config --disable ARM64_SVE --disable ARM64_MTE \
      --disable ARM64_PTR_AUTH --disable ARM64_BTI \
      --disable ARM64_USE_LSE_ATOMICS
    mk olddefconfig

Nisikudanganye: hutahisi mbio zozote mpya. Kerneli huchunguza prosesa wakati wa kuwaka, na maagizo yasiyokuwepo haiyatumii. Unachopata ni kerneli ndogo kidogo, na kujua kilichomo.

Kasoro za chipu. Kuna orodha ndefu ya swichi zinazoanza na `ARM64_ERRATUM_`, kila moja ikiziba kosa lililogunduliwa kwenye silikoni baada ya kuuzwa. `ARM64_ERRATUM_1319367`, kwa mfano, inahusu Cortex-A57 na A72 zetu. Hapa usijifanye fundi wa kupunguza. Za prosesa nyingine unaweza kuzima ukipenda, lakini hakikisha maelezo ya kila unayoizima hayataji A72. Mimi huziacha zote. Nafasi unayookoa ni ndogo mno, na kosa la namna hii halijitokezi kila siku. Linakungoja siku ambayo hukulitarajia.

Usimbaji. Nenda Cryptographic API, kwenye sehemu ya algorithimu zilizoharakishwa kwa arm64. Swichi nyingi zenye mwisho wa `_CE` zinategemea maagizo ambayo Pi 4 haina, kwa hiyo hazikusaidii. Zinazotumia NEON zinafanya kazi, kwa sababu NEON ndiyo ile `asimd` ya kwenye orodha. Kama unasimba diski kwa AES, washa `CRYPTO_AES_ARM64_BS`.

Hatua ya 5: Punguza draiva

    mk LSMOD=moduli.txt localmodconfig

Amri hii inasoma orodha uliyotoka nayo kwenye Pi (faili liwe ndani ya folda ya `linux`) na kuzima moduli zote ambazo hazikuwa zimepakiwa. Muda wa kukompaili unapungua sana. Kifaa ambacho hukukichomeka siku ile hakitakuwa na draiva, ndiyo maana nilisisitiza.

Hatua ya 6: Kagua kilichobaki

Ipe kerneli jina lake kwanza, la sivyo moduli mpya zinaweza kuandikwa juu ya zile za zamani:

    ./scripts/config --set-str LOCALVERSION "-jaribio1"
    mk olddefconfig
    ./scripts/diffconfig mwanzo.config .config

Amri ya mwisho inaonyesha tofauti tu, mstari kwa mstari, kwa mfano `ARM64_SVE y -> n`. Isome yote. Ukiona swichi imebadilika na wewe hukuigusa, ujue kuna utegemezi umeivuta. Ukikosa swichi uliyoiwasha, kuna sharti lake halijatimia: rudi menyu, bonyeza `/`, soma mstari wa `Depends on`. Kuandika `CONFIG_KITU=y` kwa mkono ndani ya `.config` hakulazimishi chochote. Kconfig inapita nyuma yako na kufuta kisichokubalika. `COMPAT` hasa iulizie kwa jina:

    grep -w CONFIG_COMPAT .config

Hatua ya 7: Kompaili

    mk -j$(nproc) Image modules dtbs

Kapike chai. Ikikwama kwa kosa, irudie bila `-j` ili ujumbe wenyewe usifunikwe na mistari ya kazi nyingine.

Hatua ya 8: Weka kwenye kadi bila kuua ya zamani

Chomeka kadi kwenye laptopu na uhakikishe jina lake kwa `lsblk`. Kwangu ni sdb. Kwako huenda siyo, na kukosea hapa ni kuandika juu ya diski isiyo yake.

    sudo mkdir -p /mnt/boot /mnt/mzizi
    sudo mount /dev/sdb1 /mnt/boot
    sudo mount /dev/sdb2 /mnt/mzizi
    sudo make ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- \
      INSTALL_MOD_PATH=/mnt/mzizi modules_install

Hapa alias haifanyi kazi kwa sababu ya sudo, kwa hiyo andika amri nzima. Sasa kerneli mpya ipewe folda yake:

    J=/mnt/boot/majaribio
    sudo mkdir -p $J/overlays
    sudo cp arch/arm64/boot/Image $J/kernel8.img
    sudo cp arch/arm64/boot/dts/broadcom/*.dtb $J/
    sudo cp arch/arm64/boot/dts/overlays/*.dtb* $J/overlays/
    sudo cp arch/arm64/boot/dts/overlays/README $J/overlays/
    sudo cp /mnt/boot/cmdline.txt $J/

Usidharau hiyo README. Ndiyo alama ambayo mfumo wa kuwashia unaitafuta ili ujue kwamba folda ina overlays zake (mafaili madogo yanayoongezea maelezo ya vifaa). Mwisho, ongeza kwenye `config.txt`:

    os_prefix=majaribio/
    enable_uart=1

Kisha `sudo umount /mnt/boot /mnt/mzizi`, na kadi irudi kwenye Pi. Ikigoma kuwaka, itoe, futa mstari wa `os_prefix`, na kerneli ya zamani iko palepale. Kuona ilipokwama, unganisha waya wa USB wa UART (njia ya kusoma ujumbe wa kerneli kwenye laptopu) kwenye pini ya 6 (ardhi), 8 na 10. Uwe wa volti 3.3, wa volti 5 utaunguza bodi. Ujumbe wa `VFS: Unable to mount root fs` karibu kila mara una maana kwamba draiva ya kadi au ext4 imewekwa `m` badala ya `y`.

Hatua ya 9: Thibitisha, kisha hifadhi

    uname -rm
    getconf PAGESIZE

Ya kwanza itoe jina lenye `-jaribio1` na `aarch64`, ya pili itoe 4096. Zikikubaliana, rudi laptopu:

    mk savedefconfig
    cp defconfig arch/arm64/configs/jaribio1_defconfig

`savedefconfig` inaandika tu swichi zilizotofautiana na chaguo-msingi, kwa hiyo faili linakuwa fupi na linasomeka. Toleo jipya la kerneli likitoka, lihamishie huko na uanze na `mk jaribio1_defconfig`. Kisha rudia hatua ya 6, kwa sababu majina ya swichi hubadilika, na iliyobadilishwa jina hutoweka kimya kama `COMPAT` ilivyotoweka.