Somo: Kwenda Takwa na watu wa nyumbani wakati wa matlai

Upepo wa kusi ukishakatika, Oktoba hadi Novemba, bahari ya Lamu hutulia na matlai huvuma kwa upole. Hakuna wakati mzuri kuliko huu wa kumpeleka mama, watoto na wageni Takwa, ule mji wa kale ulio kisiwani Manda. Tatizo ni kwamba watu hupanga siku kwa nafasi zao, ilhali mkono wa bahari unaoingia Takwa katikati ya mikoko haupitiki maji yakikupwa. Kwa hiyo hesabu ya maji ndiyo ya kwanza.

Hatua ya 1: Siku

Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa Lamu karibu saa 10 alasiri, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukitoka asubuhi ya bamvua utakuta matope. Ukingoja yajae, utarudi gizani. Siku ya 7 na ya 8 tangu mwezi kuandama maji hujaa asubuhi, lakini hayo ni maji mafu: hayapandi sana, na mashua iliyojaa watu hukwaruza chini.

Siku zifaazo ni ya 10 hadi ya 12 tangu mwezi kuandama, na tena ya 25 hadi ya 27. Hapo maji hujaa takriban kati ya saa 5:30 na saa 7:15 mchana. Thibitisha kwa jedwali la maji la mwaka huo, na umuulize nahodha. Ikiangukia Ijumaa, sogeza mbele, maana saa ya maji itagongana na sala.

Hatua ya 2: Saa za kuingia na kutoka

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Ukigawa kina kinachopungua mafungu 12, saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3 na ya nne 3. Yaani saa mbili zikipita bado umepoteza robo tu. Zikifika nne, robo tatu imekwenda. Ndiyo maana tunasema: ingia saa mbili au pungufu kabla ya kujaa, na uwe umeshatoka saa mbili baada yake zisijaisha.

Mfano: maji yanajaa saa 6:20. Ondoka gatini Lamu saa 4:00 kwa mashua ya injini, safari ya nusu saa na ushei. Anza kupakia saa 7:30, maana watoto na vyombo huchelewesha, na saa 8:00 mashua iwe inatoka.

Hatua ya 3: Chombo

Usitegemee tanga peke yake. Matlai inaweza kulala kabisa mkiwa njiani. Chukua mashua yenye injini na petroli ya akiba, upondo, nanga, turubai la kivuli, na jaketi okozi kwa kila mtu. Jaketi za watoto zikaguliwe mapema: ya mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini.

Hatua ya 4: Chakula na maji

Usibebe wali wa nazi wala mchuzi wa nazi, huchacha kwa joto la mchana. Mkate wa mofa, mahamri, sambusa na samaki wa kukaanga hustahimili. Samaki apoe kabisa kabla ya kufunikwa. Akifungwa na moto wake, mvuke humlainisha na kumharibu. Maji ya kunywa ni lita 3 kwa mtu mzima. Manda haina maji matamu ya kutegemea.

Hatua ya 5: Mkifika

Lipeni ada ya Makumbusho ya Kenya. Raia aje na kitambulisho chake. Anzeni na msikiti wa Ijumaa, wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, kisha kaburi la nguzo. Mji huu ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, bado huja kaburini kuomba mvua, kwa hiyo mavazi na sauti viwe vya heshima. Watoto wasipande kuta wala kuokota vigae. Tandikeni mkeka chini ya mibuyu. Ufuo wa bahari kuu hauko mbali, lakini kule mawimbi ni makubwa. Mtoto asiingie majini peke yake.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mkomani: Assalam alaikum. Bibi yetu ana magoti mabovu. Atapandaje mashua?

Jibu: Waalaikum salaam. Chukueni kiti cha plastiki kifupi, kiwekwe katikati ya mashua. Watu wawili wamshike chini ya viwiko, wasimvute mikono, na asinyanyue mguu mpaka baharia awe ameishika mashua kwenye ngazi. Asikae omoni, mbele ya mashua, huko ndiko kunakorusha.

Mwanachama, Langoni: Tukikwama tukitoka?

Jibu: Inueni injini, watu wahamie upande wenye kina, sukumeni kwa upondo. Abiria wasiruke matopeni. Ikishindikana ndani ya dakika chache, tieni nanga. Kwa mfano wetu wa juu, ukikwama saa 9:20 utaelea tena karibu saa 3:45 usiku. Tochi na maji ya ziada ni lazima, na leso za kujifunika mbu.

Mwanachama, Malindi: Sisi tunaweza kwenda na kurudi siku moja?

Jibu: Hapana, ndugu. Barabara hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, kisha mvuke bahari. Laleni Lamu. Mkiwa na siku moja tu, nendeni magofu ya Gede asubuhi, kilomita 15 hivi kutoka Malindi, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Jioni pandeni hadi korongo la Marafa, jua likikaribia kuchwa, rangi za udongo zikiwa zimekolea. Huko hakuna hesabu ya maji.

Mwanachama, Shela: Na mvua za vuli?

Jibu: Manyunyu hupita, turubai linatosha. Mkiona wingu jeusi na kusikia radi kabla ya kuondoka, ahirisheni hadi kesho yake. Maji yatachelewa dakika 50 tu.